Wanavyokuvuta Mpaka Unalipia Habari

Mtu aliyewahi kuuza magazeti Mtwara anajua kwamba wasomaji wake wengi si wateja wake. Niliuza kwa miaka kadhaa, meza yangu ikiwa jirani na soko kuu. Mzigo ulikuja na basi kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo gazeti la asubuhi kwetu lilikuwa la jioni, na watu walilisubiri. Nikishapanga tu, wanajaa. Mikono nyuma, shingo zimepinda, wanasoma ukurasa wa mbele wa kila gazeti, wanabishana Simba na Yanga, kisha wanatawanyika na shilingi 1,000 zao mfukoni. Wauzaji wengine walikuwa wakiwafukuza. Mimi niliwaacha, maana nilishaona kuwa wanunuzi wangu karibu wote walitoka kwenye kundi hilohilo. Anayesimama mezani kila jioni bila kununua, siku kichwa cha habari kikitaja bei ya korosho na maelezo yako ukurasa wa tano, anatoa hela. Anayepita mbali na baiskeli yake hanunui hata umwite kwa jina.

Siku hizi nina kibanda cha uwakala wa pesa na steshenari, na habari nazisoma kwenye simu kama kila mtu. Lakini jicho la muuza magazeti halijafa. Nikikutana na tovuti inayonikatia habari aya ya pili na kunitaka nilipie, kizuizi kinachoitwa ukuta wa malipo, badala ya kukasirika huwa nakaa kutazama wanavyonivuta. Wanachofanya ni ile biashara ya mezani, ila mwenye meza sasa anajua umesimama pale mara ngapi, ulisoma nini jana, na ulifika kwa njia ipi.

Huo ukuta wa malipo wenyewe, kwa maoni yangu, haujawahi kumleta mteja. Kazi yake ni kupokea hela ya mtu ambaye tayari ameshanasa. Sisi Tanzania tumelijaribu hili kwa namna yetu. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk Harrison Mwakyembe, alielekeza redio na televisheni zinaposoma magazeti asubuhi ziishie kwenye vichwa vya habari, zisisome habari nzima, ili watu wakanunue gazeti. Wauza magazeti tulifurahi. Mezani kwangu sikuona tofauti. Aliyezoea kusikia habari yote redioni hakugeuka mnunuzi kwa sababu amekatiwa katikati, alihamia WhatsApp.

Wenzetu wa nje walipitia somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Julai 2010 The Times ya London ilizungushia tovuti yake ukuta mzima: pauni 1 kwa siku au pauni 2 kwa wiki, na usipolipa huoni kitu. Wageni walipungua mno. Gazeti halikufa, lina wasomaji wake wa kulipia mpaka leo, lakini lilitoweka kwenye mazungumzo ya mtandaoni, na mtu asiyekusikia ukitajwa hawezi kukutafuta. Jirani yake, The Sun, gazeti la mpira na udaku, lilijenga wa kwake Agosti 2013 na kuubomoa Novemba 2015. Udaku umejaa kila kona, nani aulipie?

The New York Times walikuja na akili tofauti Machi 2011. Waliruhusu mtu asome habari 20 kwa mwezi bure. Ukifika kwa kubofya kiungo kwenye mitandao ya kijamii, unaingia hata kama 20 zako zimekwisha. Wiki nne za mwanzo mteja mpya alilipa senti 99. Kulikuwa na waliocheka kwamba huo ukuta una matundu kuliko matofali, na kweli, kijana yeyote mjanja aliweza kuuruka kwa kufuta kumbukumbu za kivinjari chake. Lakini hayo matundu yaliachwa makusudi. Mpita njia hakuuona ukuta kabisa, akaendelea kusambaza habari zao kwa marafiki. Aliyeugonga ni yule aliyekwisha kusoma habari 20 ndani ya mwezi mmoja, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa kuhusu umuhimu wa gazeti. Mwaka uliofuata walipunguza zikawa 10. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamevuka wasomaji wa kulipia milioni 10.

Sasa, kumtoa mtu kwenye habari ya kwanza ya bure mpaka kwenye kadi ya benki kuna ngazi katikati, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Ngazi ya kwanza wala haiulizi pesa. Wanataka barua pepe yako. "Jisajili bure uendelee kusoma," basi. Unaona hujapoteza kitu, unaandika. Kuanzia kesho yake asubuhi barua inakungoja kwenye simu: habari tano sita zimechambuliwa na mtu anayeandika kana kwamba mnafahamiana. Ndani ya wiki chache unamzoea. Tovuti inajua nani anaifungua barua ile kila siku na nani anaifuta bila kusoma, na ofa ya kulipia inamfuata yule wa kwanza. Nimejiangalia mwenyewe: barua mojawapo niliizoea kiasi kwamba siku isipokuja naanza kuitafuta. Nikiwa nauza magazeti ningelipa hela nyingi kuwa na uwezo huo wa kumfuata msomaji mpaka kitandani kwake Mikindani.

Ngazi inayofuata ni kujua wakati wa kuuliza. The Wall Street Journal, ambao walianza kutoza mtandaoni tangu miaka ya 1990, walieleza mwaka 2018 kwamba mfumo wao humpa alama kila mgeni asiyelipa kwa kuangalia dalili zaidi ya 60: ni mara yake ya kwanza au anarudi, anatumia simu gani, yuko wapi, anapenda kubofya habari za aina gani. Mwenye alama za juu anaoneshwa ukuta mapema. Mwenye alama za chini anapewa pasi ya kusoma bure kwa muda, naye atoe barua pepe. Ndiyo maana mnaweza kukaa watu wawili baraza moja pale Shangani, mkafungua habari ileile, mmoja akasoma hadi nukta ya mwisho na mwingine akazuiwa aya ya pili, mkaanza kutuhumiana kuwa simu ya mmoja wenu ina virusi.

Kuna na chambo kisicho habari kabisa. Januari 2022 The New York Times walinunua Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, kwa mamilioni ya dola. Mtu anaingia kila siku kucheza, anaondoka. Baadaye anaambiwa ipo michezo mingine, yapo mapishi, ipo michezo ya uwanjani, vyote kwa bei moja pamoja na habari. Wapo waandishi wanaoona hili ni kuidhalilisha taaluma. Mimi silioni hivyo. Nikiwa mezani niliweka chemshabongo ya gazeti fulani wazi ili watu waione, na wazee wawili watatu walikuwa wakilinunua kwa ajili ya hicho kijisanduku tu. Siasa walikuwa wakisoma wakishamaliza.

Halafu zipo zawadi. Anayelipia The New York Times anaruhusiwa kumgawia asiyelipa habari 10 kila mwezi. Kwa nje inaonekana ukarimu, kwa ndani ni kwamba mteja amegeuzwa mpiga debe, tena mpiga debe anayeaminika, kwa sababu habari imetoka kwa shemeji yako na si kwa tangazo.

Pamoja na ujanja wote huo, wanaolipa bado ni wachache. Ripoti ya mwaka 2024 ya Taasisi ya Reuters, ile ya Chuo Kikuu cha Oxford, ilikuta kwamba katika nchi 20 zenye uwezo ni asilimia 17 tu ya waliohojiwa waliolipia habari za mtandaoni katika mwaka uliotangulia. Norwei ndiyo ilikuwa juu, asilimia 40. Kama huko kwenye mishahara ya uhakika hali ndiyo hiyo, mtu anaweza kusema sisi wa Kusini mwa Tanzania tusahau.

Nakataa. Huku kwetu habari zinazotuhusu ndizo hasa zilizofungiwa nyuma ya kuta za watu. Mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, ambao kwa miaka unatajwa kuwa wa dola bilioni 42, na mazungumzo yake na kampuni za Equinor na Shell yanaenda mbele na kurudi nyuma, habari zake za ndani utazikuta kwenye majarida ya biashara ya London yanayotoza dola nyingi. Miradi ya madini ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa imeendelezwa na kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia, na magazeti ya uchumi ya huko nayo yana kuta zake. Machi 2021 mji wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa, hapo ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Mtwara wenye ndugu kule walitafuta habari usiku kucha, na nyingi zilizokuwa na maelezo ya kutosha ziliandikwa mbali na huku, kwa Kiingereza, za kulipia.

Kwa hiyo hamu ipo. Tatizo liko mlangoni.

Nitaeleza nilichokiona kibandani kwangu. Alikuja Mwalimu, mzee mstaafu mwenye ndugu zake Likong'o, simu ameishika mbali na uso kwa sababu miwani aliisahau.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie. Hawa wanasema dola moja tu."

Kweli, gazeti moja la Ulaya lilikuwa na habari ya gesi yetu, na kisanduku chekundu kikitaka dola 1 kwa mwezi wa kwanza. Tukaanza. Jina, sawa. Barua pepe, anayo aliyofunguliwa na mjukuu, nywila anayo mjukuu. Tukampigia. Namba ya kadi: Mwalimu kadi yake ya benki ni ya kutolea pensheni tu, haikubali mtandaoni. Tukaingia kwenye menyu ya pesa za simu, tukatengeneza kadi ya mtandaoni, tukahamishia hela, mtandao ukakata, tukarudia. Fomu ikataka msimbo wa posta. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia aandike ule wa kata yake. Akasema anwani ya makazi wamebandika mlangoni lakini msimbo hajawahi kuuona ukitumika kwa lolote. Tulipomaliza chai yake ilikuwa imepoa, na muuza vocha wa jirani alikuwa amehudumia nusu ya foleni yangu.

Habari akaisoma. Ilikuwa nzuri, kwa kweli. Ilieleza kinachobishaniwa kuhusu kodi na mgawanyo kuliko nilichowahi kusikia redioni. Chini, kwa maandishi madogo, walikuwa wameandika kwamba baada ya mwezi bei itapanda mara kadhaa na kukatwa yenyewe.

"Hiyo isikupe tabu," Mwalimu akasema. "Kadi naiacha kavu."

Mwezi ulipokwisha walijaribu kukata, wakakuta kadi kavu kama alivyoahidi. Zikaanza kumiminika barua: malipo yameshindikana, tafadhali sasisha kadi, tutakukosa. Baadaye ikaja nyingine: rudi kwa nusu bei. Mwalimu akacheka sana. Aligundua peke yake jambo ambalo wataalamu wa biashara hii wanalijua fika, kwamba anayeondoka hubembelezwa kuliko anayebaki. Mchezo wa bei ya kuonjesha ikifuatiwa na makato ya kimyakimya umechosha watu hata huko ulikoanzia. California ilipitisha sheria, ikaanza kazi Julai 2018, kwamba aliyejiunga mtandaoni lazima aweze kujitoa mtandaoni, asilazimishwe kupiga simu na kubembelezwa na mtu wa huduma kwa wateja.

Angalia sasa jinsi mzee huyohuyo anavyonunua vitu vingine. Bando la intaneti ananunua la siku, au la wiki akiwa na hela. Umeme wa Luku ananunua kidogo kidogo. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Januari hivi, mfuko unanenepa, Machi unakonda. Mtu wa namna hii unamuuzia makato ya kila mwezi ya kudumu kwa kadi? Ni kumuuzia kitu kisicholingana na mfuko wake, halafu ukasema Waafrika hawalipii habari. Nation Media Group ya Kenya walipoanza kutoza kwenye tovuti yao Februari 2021 angalau walifungua mlango wa M-Pesa. Hilo peke yake linaondoa nusu ya safari niliyoipitia na Mwalimu: namba ya siri, meseji, umeingia.

Kuna anayeweza kusema, basi tuuze habari moja moja, shilingi mia mia. Nami niliwahi kulifikiria hilo, mpaka nikasoma habari za Blendle. Ni kampuni ya Uholanzi iliyoanza 2014 kuuza habari moja moja kutoka magazeti mengi, kwa senti chache, na habari isipokupendeza unarudishiwa hela. Ilisifiwa dunia nzima. Mwaka 2019 ikaachana na utaratibu huo na kuuza kwa mwezi. Sababu naielewa kutokana na meza yangu. Kila habari inapokuwa na bei yake, msomaji anajiuliza upya kila mara kama inastahili, na kila akijiuliza anapata nafasi ya kusema hapana. Bando la siku ni kitu kingine. Ukishalilipia, unataka ulimalize. Unasoma hata usichokusudia, na hapo ndipo mazoea yanapoota.

Bando la siku lina adha yake, sikatai. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika upande wa Lindi, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikaharibika, intaneti ikawa ya kuhesabu. Gazeti la karatasi limekwama Somanga, la simu halifunguki. Aliyelipia siku hizo alilipia hewa. Tovuti yenye akili ingeongeza siku bila kuombwa, na kumtumia meseji ya kawaida kumwambia hivyo. Mteja wa namna hiyo hakuachi.

Lakini lililo gumu zaidi ya malipo ni kujua uuze nini. Bei ya mnada wa korosho haiuziki. Mnada ukifungwa, dakika chache tu bei iko kwenye kila grupu la WhatsApp kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, bure, mara nyingine na picha ya karatasi yenyewe. Ukiijengea ukuta utakuwa The Sun ya pili. Kinachouzika ni lile swali linalofuata mnada: kwa nini wiki hii imeshuka? Wanunuzi wa India na Vietnam wana mzigo ghalani? Meli zimechelewa bandarini? Afrika Magharibi wamevuna vipi? Mwenye kuandika hayo kwa Kiswahili, kila wiki ya mnada, akitoa moja bure na kufungia nyingine, atapata watu. Naijua hiyo kiu, ninaulizwa hapa kibandani na watu wanaotoa hela za malipo ya kwanza ya korosho.

Na mwandishi huyo asihangaike sana na wanaopiga skrinshoti. Atakuwepo tu admini wa grupu mwenye kujitolea, ataimwaga habari nzima kabla kahawa ya alfajiri haijapoa. Magazeti yetu yanarushwa hivyo kila siku, PDF nzima kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa michezo, na wenye nayo wananuna. Ni haki yao kununa, ni wizi. Ila ningekuwa mimi, ndani ya kila habari ningeweka jina la tovuti, namba ya kulipia na bei ya wiki, nikaacha wezi wanitangazie.

Zaidi ya hapo, ningeacha kumfukuzia mkulima mmoja mmoja. Magazeti makubwa ya biashara, Financial Times likiwemo, huuza pia kwa mkupuo kwa makampuni na vyuo: taasisi inalipa mara moja, watu wake wote wanasoma. Sisi tuna AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, karibu kila kijiji. Chama cha msingi kikilipia msimu mzima, karani akaichapa habari ya wiki na kuibandika ubaoni penye matangazo ya mizani, kila mwanachama amesoma, na kwa mwenye tovuti AMCOS hamsini ni biashara ya kueleweka kuliko wasomaji elfu wanaoacha kadi kavu. Nilimweleza Mwalimu, akaliunga mkono palepale. Yeye ni mwanachama. Nikamwuliza kama yuko tayari kulipeleka kwenye mkutano mkuu.

"Mwanangu," akasema, "pale kuna ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri, usafiri, ghala, magunia. Nisimame mimi nitaje kato jingine, tena la gazeti? Wewe ndiye muuza magazeti, njoo useme mwenyewe."